Kisu Kilichoiva Kabla ya Wali

Vijana wenzangu wa sufuria,

Mwezi uliopita mlinikuta nimekaa mlangoni kwangu, mkaniuliza wote wanne kwa mara moja: sherehe tamu ni ipi, Maulidi yetu ya huku kandoni mwa ziwa, au harusi za wafugaji wa kule juu Bijombo? Mliuliza huku mkinitazama machoni. Mtu akinitazama machoni, maneno yangu hujikunja ndani kama konokono aliyeguswa. Nikawajibu kwamba nitawaandikia. Hiyo ndiyo njia ya heshima ya kukimbia niliyojifunza shuleni, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la sita, haikupata nafasi ya kunifundisha nyingine. Naandika polepole. Mkiona ukurasa umeisha upesi, jueni ulinichukua siku nne.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na sita. Wastaafu wengine wa Uvira wana mvi na fimbo, mimi nina meno yangu yote. Tumetofautiana hapo tu. Nilipika kwenye sherehe za watu miaka kumi na minane, mpaka kifua kikakataa. Daktari alinisikiliza mgongoni, akauliza navuta pakiti ngapi za sigara kwa siku. Nikamwambia sivuti sigara, navuta kuni.

Ninyi mmenunua jiko la gesi. Hongera. Mnapika huku mmeshika simu, na simu inawaambia chumvi iwe kiasi gani. Mimi niliambiwa na Mjomba Shabani, na Mjomba hakuwa na kitufe cha kupunguza sauti.

Mjomba Shabani, kaka yake mama, alikuwa na sufuria tano kubwa, kila moja mtu angeweza kuogea ndani. Alikuwa mpishi, tena mchinjaji. Kisu chake alikirithi kwa babu yake, mmoja wa wale waliokuja ziwani na biashara zamani, wakapenda samaki wa hapa, wakasahau kurudi. Kilikuwa na mpini wa pembe, na Mjomba alikifunga katika kitambaa cheupe kilichofuliwa kila Ijumaa. Mimi mpwa wake nilifungwa aproni ya gunia la mchele, nayo haikufuliwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijua cheo chake.

Wakati wa habari hii sikuwa tena mtu wa kuchota maji. Nilikuwa fundi wa wali. Nyama na kisu vilikuwa vya Mjomba, wali wote ulikuwa wangu, na wali ukiharibika hakuna anayeuliza nyama ilikuwaje.

Nianze na Maulidi, kwa kuwa huko ndiko nilikozaliwa. Siri ya pilau ya Maulidi, vijana, ni kwamba haipikwi kwa saa. Inapikwa kwa kisomo. Wanaposoma mwanzo, unakaanga vitunguu. Madufu yakishika kasi, unamimina maji. Watu wote wakisimama wima kwa heshima ya Mtume, na marashi yakaanza kunyunyizwa, hapo unavuta kuni nje na kupanga makaa juu ya kifuniko. Dua ya mwisho ikiitikiwa amina, unafunua. Hesabu hiyo haijanidanganya hata mara moja. Anayeweza kukudanganya ni jirani aliyekaa nje. Yeye hajawahi kusoma hata mstari mmoja, lakini mstari wa mwisho anaujua vizuri kuliko shehe, na ukifika, tayari amenawa mikono.

Jambo jingine mlishike, kwa sababu habari yangu yote imening'inia hapo. Mtaani kwetu, siku moja kabla ya Maulidi, ng'ombe wa sherehe huzungushwa. Hufungwa utepe mwekundu kwenye pembe, akatandikwa kanga mgongoni, akapitishwa barabarani na madufu mbele na watoto nyuma. Anaonekana kama bwana harusi. Kesho yake asubuhi anachinjwa. Kwetu basi, ng'ombe akipambwa, mwenyewe hajui, lakini sisi wote tunajua.

Sasa twende juu.

Kutoka Uvira kwenda Bijombo huna haja ya kuuliza njia. Unaligeuzia ziwa mgongo, unapanda mpaka magoti yaanze kukutukana. Sisi tulipanda na sufuria. Sufuria kubwa hubebwa kichwani imefunikwa, kwa hiyo unachoona ni vidole vyako vya miguu tu, na unachosikia ni pumzi yako mwenyewe inavyolia ndani kama mtu mwingine anayekufa. Tulikuwa tumeitwa na mfugaji mmoja, Mzee Sebagabo. Alikuwa anaoza binti yake kwa kijana anayeishi mjini, na wageni wa mjini walikuwa wamesema bila pilau hawapandi. Mzee alikuwa mtu wa kanisa, Mprotestanti tangu baba yake, lakini alimtaka Mjomba achinje mwenyewe kwa mkono wake, ili wageni Waislamu nao wale bila wasiwasi. Huo ulikuwa ustaarabu mkubwa. Sisi tulikuja kuulipa kwa namna yetu.

Tulifika jioni, ukungu umeshuka. Nilifanya kosa la kwanza kabla sijavua viatu.

Nilitafuta chombo cha kulowekea vitunguu na kitunguu saumu vya kesho. Ndani ya jiko nikaona chombo cha mti, kirefu, safi ajabu, kina kifuniko cha kusukwa chenye ncha. Nikasema moyoni: hawa watu wana vyombo vizuri. Nikajaza vitunguu. Bibi wa nyumba, mke wa Sebagabo, aliingia, akakiona. Hakupiga kelele. Alikichukua, akanusa, akakaa chini na kukipakata kama mtoto mgonjwa. Wanawake wengine wakaingia, wakanusa, nao wakanyamaza. Kile kilikuwa chombo cha maziwa. Kinafukizwa kwa majani maalumu, kinatunzwa miaka, hakiguswi hata na maji ya hivi hivi. Mimi nilikipa kitunguu saumu.

Vijana, mtu wa Uvira ukimkosea atakwambia, na majirani watasikia, na kesho mnasalimiana. Watu wa juu ukiwakosea wananyamaza. Afadhali matusi.

Mjomba aliomba msamaha kwa niaba yangu kwa muda mrefu, kisha akanivuta nyuma ya nyumba.

"Weye iko na akili gani?" akanong'ona. "Chombo ya maziwa ya batu!"

"Mujomba, minye sikujua..."

"Nyamaza! Usishike kitu ya mutu. Na ule mudomo, usiufungue tena mpaka tutashuka. Umenisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha katazwa. Na kusema kweli, nilifurahi. Mtu mwenye aibu akikatazwa kusema, ni kama mvivu akiandikiwa na daktari apumzike.

Asubuhi nilikwenda kunawa uso kijitoni. Karibu na ua nikamkuta Mzee Sebagabo mwenyewe, amevaa koti refu na kofia, anampangusa ng'ombe kwa fungu la nyasi. Ng'ombe jike mwekundu aliyeiva, pembe zake ndefu zimepinda kama mikono ya mtu anayeomba. Shingoni ana shanga. Mzee alikuwa anamwimbia polepole, na ng'ombe alikuwa anasikiliza kuliko wanakwaya wengi ninaowajua.

"Amashyo!" Mzee akaniambia.

"Salama, Muzee," nikajibu.

Akacheka. "Hapana. Minye nikisema *amashyo*, nakuombea makundi ya ng'ombe. Weye unajibu *amashongore*. Hapo njo unaniombea na minye, makundi ya majike."

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ndimi za watu mbele ya wenyewe huwa zinanishinda. Mzee hakujali. Akaniwekea chumvi kidogo kiganjani, ng'ombe akailamba. Ulimi wake ulikuwa unakwaruza kama msasa. Mzee akaniambia ng'ombe anaitwa Bihogo, kwa sababu ya rangi yake. Akanitajia mama yake, na bibi yake, na bibi wa bibi yake, na mwaka ambao huyo wa mwisho alivushwa mto mkubwa akiwa na mimba. Mimi babu zangu nawajua wawili.

"Leo njo siku yake," akasema. "Tukitoka kanisani nitamusimamisha mbele ya batu, nimuseme sifa zake zote, halafu nimupatie binti yangu. Nyumba mupya haiwezi kuanza bila ng'ombe. Huyu tangu azaliwe hajapigwa hata fimbo."

Akamfunga kwenye nguzo ya ua, akamwekea majani, akaenda kanisani. Na watu wote wa nyumba wakaenda kanisani, mpaka bibi wa chombo cha maziwa. Tulibaki sisi wapishi na vijana watatu marafiki wa bwana harusi, watu wa mjini, waliojua kuhusu ng'ombe yale tu yanayoonekana kwenye mshikaki.

Nikaanza wali. Hapa niwape elimu kidogo. Maji ya juu mlimani huchemka haraka, yana kelele nyingi na moto mdogo. Nawajua watu wa namna hiyo. Mchele ambao Uvira unaiva kwa kisomo kimoja, kule unataka karibu viwili. Dawa yake ni hii: kanda unga wa ngano na maji, zungusha kwenye ukingo wa sufuria, bandika kifuniko, weka mawe juu na makaa juu yake, kisha usifunue. Mvuke ukitoka umekwisha. Hata mama yako akija kuonja, mwambie asubiri.

Nilikuwa nimekwisha kanda unga, sijabandika bado, nilipomwona Mjomba anarudi kutoka upande wa ua. Nyuma yake wale vijana watatu wanamvuta Bihogo.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Mtoto wa kwanza wa Sebagabo, wakati anakimbilia kanisani, alimwambia Mjomba, "Ng'ombe yenu iko kule nyuma," akaonyesha kwa kidevu. Kule nyuma ya zizi kulikuwa na dume zee lenye sikio moja, limefungwa kwenye mti, halina hata kamba nzuri. Njiani kabla ya kulifikia, kulikuwa na jike zuri lina shanga shingoni, limeoshwa, linang'aa. Mjomba ametoka wapi? Ametoka kwenye mtaa wetu. Alimtazama aliyepambwa, akasema: huyu ndiye.

Wakamlaza nyuma ya jiko, wakamfunga miguu. Bihogo hakupigana. Hajawahi kufanyiwa ubaya, angejuaje? Alilala akitazama tu, kama mtu aliyeombwa kusubiri kidogo.

"Mujomba," nikasema.

"Nimekuambia nini jana?"

"Mujomba, ile ng'ombe..."

"Unataka kunifundisha ng'ombe? Weye wa vitunguu? Chunga wali yako!"

Wale vijana watatu wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, leo umepika nini, maziwa ya kitunguu?" Wakacheka tena. Uso wangu ukawaka.

Ninyi mngesema. Najua mngesema, ninyi mna midomo mpaka kwenye simu. Mimi nilisimama pale nikiwa na maneno manne tu ya kutoa, *huyu si wa kuchinja*, na sikuweza. Niliyahesabu, yalikuwa manne, na yote yalikaa kooni kama mifupa ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kumbukeni kulikuwa na nini mbele yangu. Binti anatoka kanisani anatafuta ng'ombe wa nyumba yake, anamkuta kwenye sinia. Baba yake anasimama na fimbo yake kusifu nyama. Hawa ni watu walionyamaza kwa ajili ya chombo. Kwa ajili ya Bihogo wangenyamaza mpaka vitukuu. Na mimi nina aibu!

Mjomba aliweka kisu juu ya jiwe, akakifungua kitambaa chake, akaenda kutawadha kijitoni kama ilivyo desturi yake kabla ya kuchinja. Wale watatu walikuwa wamegeuka, wanambana Bihogo pembe.

Nilichukua kisu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Mahali pa kuficha kitu kwenye ua wa mtu mwingine ni pachache. Nikakitia ndani ya wali, nikakisukuma mpaka chini kwenye viazi vya pilau, nikabandika kifuniko, nikazungusha unga, nikaweka mawe na makaa. Halafu nikachuchumaa mbele ya sufuria na uso wa mtu anayechunga wali.

Mjomba alirudi. Alitazama jiwe. Alitazama kitambaa. Alitazama jiwe tena.

"Kisu iko wapi?"

Wale vijana wakatazamana.

"Nimeuliza, kisu yangu iko wapi? Nani ameishika?"

Alipekua mifuko ya wale vijana mmoja mmoja. Alipekua gunia la mkaa, akapekua majani ya Bihogo. Yule mcheshi akaleta panga la jirani, akasema, "Muzee, tumia hii, ng'ombe hatajua tofauti." Lakini hapo kiburi cha Mjomba kilituokoa, Mungu akilipe. Alilitazama panga lile kama mtu aliyeletewa mke wa jirani.

"Minye sichinji na panga ya kukatia ndizi," akasema. "Kisu ya babu ama basi."

Akaanza kutafuta upya. Alipita karibu yangu mara tano. Mara ya tano alisimama.

"Na weye, umeona kisu?"

Mara nyingine kukatazwa kusema ni neema. Nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole, kwamba nimetii amri ya jana. Akaondoka anatukana ukoo wangu, ambao ni wake pia.

Tulisikia nyimbo zinakaribia. Kanisa limetoka.

Mzee Sebagabo alikuwa wa kwanza kuingia uani. Alifika mpaka nyuma ya jiko, akamwona Bihogo amelala, miguu imefungwa, shanga zimeingia tope. Watu wakajaa nyuma yake. Binti yake akiwa na nguo nyeupe alishika mdomo kwa mikono miwili. Bibi wa chombo alinitazama mimi, kwa kuwa alikuwa na uzoefu nami.

Ukaja ule ukimya wao.

Mzee hakuuliza nani. Alipiga magoti na koti lake la harusi, akafungua kamba, Bihogo akasimama anatetemeka. Kisha Mzee akainua fimbo yake ndefu na kuanza kumsifu hapo hapo, nyuma ya jiko, kati ya maganda ya vitunguu. Sikuelewa hata robo. Lakini nilielewa jambo moja: watu wote walikuwa wamekaa kwenye mawe na viti, na alipoanza, wakasimama. Wote, pamoja na wazee wenye miguu mibovu.

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe kitupu. Alitazama watu waliosimama, akamtazama ng'ombe, na nikamwona anaelewa. Alivua kofia. Akasimama wima, mikono imefungwa tumboni, kama anavyosimama kila Maulidi pale ambapo kila mtu husimama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nafikiri alikuwa anamwomba Mungu msamaha, na Mungu alikuwa na kazi siku hiyo.

Sifa zilipokwisha, Mzee alimkabidhi binti yake kamba. Akamgeukia Mjomba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yenu iko kule nyuma zaidi. Iko na sikio moja."

Dume likaletwa. Na sasa kisu kilikuwa kinahitajika.

Nilikwenda kwenye sufuria. Nikaondoa makaa. Nikaondoa mawe. Nikabomoa unga ambao nawaambia ninyi kwamba haubomolewi, nikafunua, na mvuke wote, ambao kule juu ni kama roho ya wali, ukapanda mbinguni. Nikaingiza mwiko mpaka chini, nikatoa kisu cha babu yake Mjomba. Kilikuwa kimeiva vizuri sana. Wali ulikuwa haujaiva.

Mpini wa pembe ulikuwa umelegea kwa joto. Mjomba alipoushika, ulibaki mkononi mwake na chuma kikaanguka. Punje za wali zilikuwa zimeganda kwenye kitambulisho hicho cha ukoo wetu. Alinitazama muda mrefu.

"Weye," akasema. Alifunga kile chuma kwa kipande cha kitambaa cheupe, akakinoa, akakinoa tena, akachinja dume.

Kuhusu sherehe yenyewe, kwaya sita ziliimba, kila moja ikiahidi wimbo mmoja tu. Hotuba zilikuwa nyingi, na kila msemaji alianza kwa kusema yeye si msemaji. Huku kwetu chakula kinasubiri dua, na dua ina mwisho. Kule chakula kinasubiri maneno. Mpishi anayetaka kupika kwa hesabu ya hotuba za juu na apike mawe. Wali wangu uliokatwa roho nilijaribu kuuokoa kwa maji ya moto, nikaokoa nusu. Wafugaji walikula. Kwao kuonyesha njaa ni aibu na kusema chakula ni kibaya ni aibu kubwa zaidi. Mtu anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba sana, anakwenda kwake kupika. Walinisifu mmoja mmoja huku punje zikilia katikati ya meno yao. Ni wale wa mjini tu waliosema wali ni mbichi. Kwa hiyo mkiniuliza ni wapi mpishi anapata ukweli, ni Uvira. Mkiniuliza ni wapi anapata kulala usingizi, ni Bijombo.

Tuliposhuka, Mjomba alisimulia mtaa mzima kwamba wale vijana wa mjini walitaka kuchinja ng'ombe wa bibi harusi, na yeye, kwa jicho lake la uzoefu, akakataa. Alisimulia vizuri. Mimi nilikuwa namenya viazi kando yake, na kila alipofika penye jicho la uzoefu aliongeza sauti kidogo. Nikaendelea kumenya. Nilikuwa nimezoea.

Sasa mmalizie nami, karibu nimefika.

Mwaka jana Mzee Sebagabo alioza binti yake wa mwisho. Si Bijombo. Familia ilishuka kukimbia vita, na ng'ombe wao walikwenda kwa njia ambazo mnazijua. Sina haja ya kuziandika. Sherehe ilikuwa ukumbini huku Kavimvira, viti vya plastiki vimevalishwa nguo kana kwamba vyenyewe ndivyo vinaolewa. Nilialikwa kama mgeni, mara ya kwanza maishani mwangu kukaa kwenye sherehe, na sikujua mikono iwekwe wapi. Mjomba Shabani alikaa kando yangu. Ni mzee sasa, anaona kwa shida.

Alikuwa amebaki mtamba mmoja, mjukuu wa Bihogo, aliyefichwa kwa ndugu kule Kiringye. Huyo ndiye Mzee alitaka kumpa binti. Lakini mwenye ukumbi alikataa ng'ombe juu ya karo zake, vile vigae vya sakafu. Kwa hiyo Mzee Sebagabo alisimama na fimbo yake ndefu, na mpwa wake akasimama pembeni ameinua simu, na ndani ya simu kulikuwa na picha ya mtamba mwekundu. Mzee akasifu simu.

Msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu wa maneno, akainuka. Kutaniana ni desturi yao, lakini yeye alizidisha.

"Muzee, tunashukuru. Lakini hii ng'ombe yenu inakula majani ama inakula chaji?"

Ukumbi ukacheka.

"Tena umetuambia bibi yake ni Bihogo, ng'ombe ya sifa. Ni sawa. Nani hapa alimuona huyo Bihogo? Mutuonyeshe mutu mumoja tu. Ama na yeye alikuwa picha?"

Mzee akageuka kutazama watu. Alitafuta uso baada ya uso. Waliomjua Bihogo wengine wamekufa, wengine wako kambini ng'ambo, wengine hawajulikani. Binti aliyepewa Bihogo hakuweza kufika. Fimbo ya Mzee ilishuka kidogo, na watu walikuwa bado wanacheka, na ng'ombe asiye na ukoo ni nyama tu. Hata mimi nilikwisha jifunza hilo.

Nilitazama karo. Zilikuwa na maua.

Hapo nikasikia kidole kinanichoma ubavuni.

"Simama," Mjomba akanong'ona. "Njo weye ulimuona. Minye niliona shanga tu."

"Mujomba..."

"Nilikukataza mpaka tutashuka. Tumeshuka."

Nilisimama. Watu wote wakanitazama machoni, mia mbili au zaidi, na konokono akaanza kurudi ndani. Nikamshika.

"Minye nilimuona Bihogo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Minye nilimuona. Alikula chumvi hapa mukononi. Alikuwa na pembe za mutu anayeomba. Na kisu yake nilificha ndani ya wali."

Hawakuelewa lile la mwisho, isipokuwa watu wawili. Mmoja alikuwa kando yangu, anajipangusa pua kwa kitambaa cheupe. Mwingine aliinua fimbo yake juu kabisa, akaniita kutoka upande wa pili wa ukumbi:

"Amashyo!"

"Amashongore," nikajibu.

Watu wakasimama. Hata yule msemaji alisimama.

Kisha kikaja chakula. Wali ulikuwa mbichi, hapa hapa bondeni, ambako maji hayana kisingizio. Ulipikwa kwa gesi. Sijui ni nani kati yenu alikuwa jikoni, na sitauliza. Nilikula wote, nikasema ni mzuri sana.